Noti hazianikwi kama dagaa: tuwavuteje watu wetu wa Mwaloni na visiwani kwenye pesa ya simu?

Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi jioni akiwa ametulia. Mimi ni mama wa dagaa. Mwaka wa kumi na nne huu nanunua visiwani upande wa Ukerewe na kuuza Mwaloni, Kirumba. Sijasomea mambo ya benki. Ninayoandika nimeyaona kwenye biashara yangu na ya wenzangu, na yamenikaa kichwani tangu masika, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniuliza natangazia mtandao gani. Sitangazii mtandao wowote.

Nianze na hiyo masika.

Mwezi wa nne niliondoka Mwaloni alfajiri na shilingi 1,800,000 taslimu. Giza lilikuwa linaelekea kuisha. Kwa msiojua, dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikishapanda watu wanapandisha mitumbwi nchi kavu na kugawana hela. Siku hizo za mwisho ndiyo bei inakuwa nzuri kwa mnunuzi mwenye hela mkononi, maana kila mvuvi anataka chake aende nyumbani. Hela nilizifunga kwenye nailoni, nikaitia kwenye kibegi cha kiunoni, nikajifunga kanga juu yake. Tukiwa kati ya ziwa upepo ukageuka. Maji yakaanza kuingia mtumbwini, tukayachota kwa madumu yaliyokatwa, wanaume kwa wanawake. Tulifika salama, Mungu mkubwa. Lakini nilipofungua kibegi, noti zilikuwa zimeshikana kama kiporo cha ugali.

Mama mmoja wa kambini akanipa nafasi kwenye kichanja chake, tukazianika. Noti moja, kokoto moja juu yake. Dagaa upande huu, wekundu wa elfu kumi upande ule, na mimi nimekaa kati na fimbo ya kufukuzia kuku. Upepo ulichukua tatu, moja tukaipata kwenye majani. Zilipokauka ilikuwa saa nane mchana, zimejikunja, zinanuka dagaa, na tajiri, yaani mwenye mitumbwi, niliyekubaliana naye bei jana yake alishauza mzigo kwa mwenzangu aliyefika na hela kavu. Nikanunua kwa mwingine kwa bei ya juu, na huyo naye akazirudisha noti sita kwa kuwa zilichanika nilipozibandua.

Niliporudi Mwaloni kila mtu aliniuliza swali moja: kwa nini hukurusha kwa simu?

Kwa sababu tajiri alikataa. Hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Sisi tunaopenda pesa ya simu tuna tabia ya kusema watu wa chini hawajaelimika, wapewe semina. Wakuu, si kweli. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kuanzia 2014 mitandao yetu ilianza kukubaliana ipokeane hela, ukarusha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bila kuhangaika. Bibi yangu yuko kijijini Magu, hajui kusoma, lakini anajua kubonyeza *150*00# na anajua namba ya pili ni ya kufanya nini. Mvuvi wa Ukerewe ana simu mbili, moja ya kuongea na moja ya muziki. Hakuna asiyejua. Wanajua, wakapiga hesabu, wakakataa.

Nilirudi kwa yule tajiri baadaye nikamuuliza vizuri, tumekaa chini, si kwa kugombana. Akaniambia hivi: "Ukinirushia hiyo hela, mimi nina vijana watano. Kila mmoja anataka mgao wake mkononi, kwa sababu anadaiwa na mama ntilie, anadaiwa dukani, anadaiwa sigara. Mama ntilie hapokei hela ya simu. Dukani hawapokei hela ya simu. Kwa hiyo nitapanga foleni kwa wakala mmoja wa kisiwa kizima, siku ambayo kambi zote zinagawana, wakala hana noti. Akiwa nazo, makato ya kutoa ni yangu. Wewe umelala Kirumba, mimi ndiye nimebeba mzigo wako."

Nilinyamaza. Alikuwa sahihi.

Wakuu, pale ndipo nilipoelewa. Watu hawaikatai pesa ya simu, wanaikataa safari ya kwenda kuitoa. Kutuma kuna makato, kutoa kuna makato, na kutoa ndiko kunakouma, maana anayekatwa ni yule aliyevuja jasho. Sasa sisi miaka yote tunamshawishi anayepokea: "pokea kwa simu, ni salama". Akishapokea aipeleke wapi? Tulipaswa kuanza na yule ambaye mpokeaji anaenda kumpa. Ukitaka mvuvi apokee kwa simu, usimwendee mvuvi, mwendee mama anayempikia.

Nikafanya hivyo. Mwezi wa sita nilikaa kambini siku mbili zaidi ya kawaida, nikawa nakula kwa mama ntilie mmoja pale juu ya mwalo. Ana kiswaswadu, kile kisimu kidogo cha vitufe, chenye kioo kilichopasuka, laini anayo, hela ya simu anatumia kupokea kutoka kwa binti yake aliyeko Nyegezi. Kulipwa chakula kwa simu hataki. Nikamuuliza unaogopa nini. Akasema jana yake kijana alimwonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, kumbe meseji ameiandika mwenyewe, amekula bure ugali na sato. Nikamwambia mama, meseji ya mteja si hela. Usiangalie simu yake, angalia yako. Na simu yako ikileta meseji, bado ingia kwenye menyu uangalie salio. Tukafanya pale pale. Mimi nikalipa 1,500 ya ugali dagaa, yeye akabonyeza kwa kidole gumba chenye unga, taratibu, akaweka namba ya siri huku mimi nimegeukia ziwani, salio likaja. Akanisomea kwa sauti, kisha akalisoma tena.

Jioni alihitaji unga. Tukaenda wote kwa mwenye duka. Huyu ndiye alikuwa rahisi kuliko wote, na mpaka leo nashangaa kwa nini hakuna aliyemfuata mapema: yeye mzigo wake anaagiza Mwanza, na kila wiki alikuwa anampa nahodha wa mtumbwi bahasha ya hela ampelekee msambazaji wa unga. Bahasha! Hela ya watu inavuka ziwa mikononi mwa mtu wa tatu. Akapokea ya mama ntilie kwa simu, ya kwake akairusha Mwanza usiku uleule. Ile 1,500 yangu haikutolewa kwa wakala hata mara moja. Ilitoka kwangu, ikapita kwa mama, ikapita dukani, ikarudi mjini kwenye unga.

Sisemi ni bure. Kila hatua ina makato yake, na viwango vinabadilika, kila mtu asome vya mtandao wake siku hiyo. Lakini makato yale unayaona kwenye meseji, yameandikwa. Ya noti hayaandikwi popote. Nani amewahi kuandika kwenye daftari hela aliyokosa kwa kukosa chenji? Usiku uliolala macho kambini kwa sababu una hela kiunoni? Majambazi wa ziwani wanaovamia mitumbwi wanachukua injini, nyavu na hela, na wanajua vizuri ni siku gani za mwezi watu wamegawana. Mimi nimelala na kisu chini ya mto. Hayo nayo ni makato.

Na kuna shangazi yangu. Benki Kuu ilitangaza noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 zibadilishwe, muda ukiwa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Shangazi alikuwa na kopo la maziwa chini ya kitanda, alilianza kabla sijaolewa. Habari zilimfikia Juni. Alinitolea zile noti zimekunjwa kwa mafungu na nyuzi, kila fungu analijua lilitokana na nini: ng'ombe yule, pamba mwaka ule. Sikujua nimwambie nini. Alipoona nimenyamaza akazirudisha kwenye kopo.

Basi swali langu kwenu: nyie mmewavutaje watu wenu? Na wale wanaokataa, naomba sababu zenu, bila matusi. Nitajibu ninazozijua.

Mchangiaji wa Igoma

Mama heshima yako. Umeandika vizuri ila umeruka jambo moja makusudi. Tozo. Mwaka 2021 watu tulikuwa tumeshazoea kabisa, mimi hata nauli ya bodaboda nilikuwa narusha. Ikaja tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, tukarudi kwenye noti. Leo unatuambia turudi tena, kesho wakiamka na nyingine?

Mleta uzi

Sikuruka, mwanangu, nilihofia uzi kurefuka. Ni kweli. Tozo ya miamala ilianza Julai 2021, ikaanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, juu ya makato ya mtandao. Kelele zikawa nyingi, Septemba mwaka huohuo ikashushwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kupunguzwa. Mimi mwenyewe miezi ile nilirudi kwenye kibegi cha kiunoni. Sikuwa mjinga, na wewe hukuwa mjinga.

Nilichojifunza mimi ni kwamba imani ya mtu maskini kwenye kitu kipya inajengwa kwa miaka na kubomolewa kwa tangazo moja la bajeti. Mama ntilie niliyemsimulia hakuniuliza kuhusu makato ya mtandao. Aliuliza: "Ile ya serikali imerudi?" Wakubwa wanaopita humu jukwaani wakisoma, naomba hilo lisomwe mara mbili. Ukitaka watu watoke kwenye noti, usiwatoze kwa kutoka.

Na kulazimisha pia si njia. Tuliwaona wenzetu Nigeria mwanzoni mwa 2023, noti za zamani ziliondolewa na mpya hazikutosha, watu wakalala kwenye foleni za benki na wafanyabiashara wadogo wakakosa wateja, wakati nchi yao ilishazindua sarafu ya kidijitali ya benki kuu tangu Oktoba 2021. Kunyima watu noti hakujawapa imani na simu. Noti iwepo. Mtu aiache mwenyewe akiona nyingine inamfaa.

Mwenye duka, Makoroboi

Mimi niseme ukweli wa wengi hapa mjini. Lipa namba, ile namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu, ninayo, stika yake nimeificha nyuma ya mlango. Sitaki kila senti ionekane. Mtu wa kodi akija na karatasi yenye mauzo yangu ya mwaka mzima namjibu nini? Pale ndani kuna michango ya msiba, kuna hela ya shemeji nilimpokelea, kuna hela ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umesema wanachokisema wengi kwa kunong'ona, asante.

Nitakujibu kama nilivyomjibu mdogo wangu mwenye duka Buzuruga. Tatizo lako kubwa si kuonekana, ni kuchanganya. Hela ya msiba na hela ya sabuni zimekaa kwenye laini moja, lazima uogope. Tenga. Laini ya nyumbani iwe ya nyumbani, lipa namba iwe ya duka, na ya kikoba ifunguliwe akaunti ya kikundi yenye watu zaidi ya mmoja wa kuidhinisha. Ukishatenga, kinachoonekana ni mauzo yako ya kweli, wala si ya ukoo mzima.

Halafu fikiria upande wa pili. Sisi wadogo tunaokadiriwa kodi, sheria yenyewe inamtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo, na asiye nazo ndiye anayekadiriwa kwa macho. Afisa akiingia Jumamosi mwisho wa mwezi, duka limejaa, atakuandikia Jumamosi ile mara mwaka. Mdogo wangu alitoa miamala yake, akaonyesha Februari na Machi alikuwa anauza kidogo sana, wakazungumza kwa hesabu. Sikuahidi kwamba utalipa kidogo. Nasema utakuwa na la kusema.

Lakini hofu ya kuonekana siipuuzi hata kidogo. Naomba wenye elimu ya mambo hayo waongeze.

Mchangiaji, mwanafunzi wa kompyuta

Shikamoo mama. Hofu ya mwenye duka wa Makoroboi ni ya zamani kuliko pesa ya simu. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani anaitwa David Chaum aliandika namna benki inavyoweza kuitia hela saini bila kujua nani ataitumia wapi, kama bahasha unayogonga muhuri kwa nje bila kuifungua. Akaanzisha kampuni, DigiCash, ikafilisika 1998. Watu wachache waliitaka, wengi walikuwa wanatumia kadi. Wazo halikufa, ndiyo Oktoba 2008 likaja andiko la Bitcoin. Kwa hiyo mimi naona uzi unazungumzia nusu ya jambo. Pesa ya simu ni daftari la kampuni, kampuni inakuona. Fedha taslimu ya kidijitali ya kweli ni ile ambayo hakuna mtu wa kati. Kwa nini tusiwavute watu huko moja kwa moja?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu, soma uende mbali. Nimeelewa, hasa ule mfano wa bahasha.

Nikujibu kama mfanyabiashara. Dagaa nanunua Jumatatu nauza Ijumaa. Hapo kati bei ya dagaa inaweza kupanda au kushuka, hiyo ni hatari niliyoizoea. Ukiniongezea hatari ya pili kwamba hela yenyewe nayo inaweza kupanda au kushuka siku hizohizo, nitashindwa kulala. Mama ntilie wangu hawezi kuuza ugali 1,500 leo na kesho iwe na thamani ya 1,300. Halafu kuna sheria. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizo hazitambuliki kwa malipo nchini. Baadaye, mwaka 2024, sheria ya fedha ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kodi ipo, na kupokelewa dukani kama shilingi bado. Mtu mwenye akiba yake na elimu yake aamue mwenyewe. Lakini mimi siwezi kumshika mkono mama wa kambini nikampeleka mahali ambapo akiibiwa hana ofisi ya kwenda kulalamika. Na kuna matapeli wengi mno wanaotumia jina la sarafu hizo kukusanya hela za watu kwenye makundi ya WhatsApp, ukiahidiwa faida ya kila siku kimbia.

Swali la mtu wa kati hata hivyo ni zuri, na wengi wananiuliza: kampuni ya simu ikifa, hela yangu inakwenda nayo? Hapana. Tuna sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015 na kanuni zake. Kila shilingi iliyomo kwenye simu za watu inatakiwa iwe na shilingi yake benki, kwenye akaunti ya udhamini iliyotengwa na hela za kampuni. Hili nikiwaeleza watu kisiwani huwa wanashangaa kuliko jambo lolote, walidhani hela imo ndani ya laini, ukipoteza simu ziwani imezama.

Mchangiaji wa kike, Mabatini

Mama, mimi niko tofauti na wote. Nauza samaki wa kukaanga. Noti naweza kuificha kwenye unga. Simu yangu mume anaishika kila jioni, anasoma meseji zote. Nikiweka hela kwenye simu si yangu tena.

Mleta uzi

Pole mdogo wangu. Hili nimelisoma mara tatu kabla ya kujibu, na nimewahi kuliishi.

Kwanza, namba ya siri usimpe mtu yeyote, awe mume, awe mtoto, awe wakala anayejifanya anakusaidia. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Meseji anaweza kusoma, hela hawezi kuigusa bila hiyo namba. Lakini najua kwamba kusoma tu kunatosha kuleta ugomvi, kwa hiyo sitakwambia uongo kwamba simu inakumalizia tatizo. Wanawake wenzangu pale Mwaloni wengine wanahamisha akiba siku hiyohiyo kwenda kikoba, kabla hawajafika nyumbani, inakuwa ni mchango wa kikundi, hakuna wa kuudai. Wengine wanaacha sehemu kwenye noti kama wewe. Kama unga ndiyo usalama wako leo, kaa na unga. Ninachokuomba ni kimoja, laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako wewe, isiwe cha mume. Bonyeza *106# uone.

Na hili nilipanue kwa wote. Tangu usajili wa alama za vidole ule ulioishia 20 Januari 2020, mwenye hela ni mwenye kitambulisho. Kuna kijana kambini alisajiliwa laini na rafiki yake kwa kuwa yeye hakuwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Rafiki akaenda Geita machimboni. Simu ikatumbukia ziwani. Kijana alikuwa na mgao wa giza mbili humo ndani na hakuweza kuirudisha laini, maana dukani walitaka kidole cha mwenye jina. Alikaa wiki tano anamtafuta rafiki. Kabla ya kumfundisha mtu kulipa kwa simu, muulize kwanza: laini hii ni ya nani?

Wakala, Nansio

Nimesoma yote kimya, sasa niseme upande wetu maana mawakala tunalaumiwa sana. Wakala ana mifuko miwili. Mmoja ni noti, mwingine ni floti ya kwenye simu. Mteja akitoa, noti zangu zinapungua na floti inaongezeka. Akiweka, kinyume chake. Mjini watu wanaweka na kutoa siku moja, mifuko inajisawazisha. Huku kwetu giza zima watu wanarushiwa hela ya petroli na chakula, halafu mbalamwezi ikiingia wote wanakuja kutoa ndani ya siku mbili. Noti zinaisha saa nne asubuhi. Ili nipate nyingine lazima nipande meli kwenda Mwanza, nikae siku nzima, nirudi na mzigo wa hela nikiogopa majini. Kamisheni haifidii. Kuna wenzetu wasio waaminifu wanadai cha juu ili wakupe noti. Ni makosa, mteja akidaiwa cha juu aripoti. Ila mjue kiini chake.

Kwa hiyo huyu mama anaposema hela izunguke bila kutolewa, mwingine atadhani mimi wakala nitakosa riziki. Si kweli. Ikizunguka dukani na kwa mama ntilie, wanaokuja kutoa siku ile wanapungua, nami nina noti za kumpa mwenye shida ya kweli, mgonjwa anayekwenda hospitali ya Bugando, kwa mfano. Nauza pia umeme wa LUKU na vifurushi vya simu, sitakufa njaa.

Mleta uzi

Kaka wakala, ubarikiwe. Hiyo ya mifuko miwili naenda kuisimulia Mwaloni kesho asubuhi.

Mchangiaji wa Buhongwa

Mimi nilitapeliwa laki mbili. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nilikuwa kweli nadaiwa na fundi, nikatuma. Tangu siku hiyo simu ni ya kupiga tu.

Mleta uzi

Pole sana. Meseji hiyo inatumwa kwa maelfu ya watu, kwa mmoja lazima itakutana na deni la kweli. Hukuwa mzembe. Kinga yake ni ndogo tu: ukishaandika namba, kabla ya namba ya siri linakuja jina. Lisome. Kama fundi wako si huyo, ghairi. Na meseji za namna hiyo zitume kwenda 15040, namba za matapeli zinafungiwa kwa njia hiyo. Ukituma kimakosa piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, kabla aliyepokea hajaitoa. Ukichelewa mpaka kesho, kuipata ni kazi.

Yule mama ntilie nilimfundisha neno moja tu kwa ajili ya wanaopiga simu wakijifanya wafanyakazi wa mtandao: "Nakuja ofisini." Anakata.

Mleta uzi (narudi baada ya mbalamwezi)

Wakuu, niliahidi kurudi. Nimetoka kisiwani jana.

Sitawaongopea kwamba kambi nzima imebadilika. Mwenye duka anapokea. Akina mama ntilie watatu wanapokea, wa nne amekataa na sikumsumbua. Muuza petroli amegoma kabisa, anasema mtandao ukikatika usiku mtumbwi unasubiri, na kweli Jumanne mtandao ulikatika kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku mkubwa. Siku hiyo noti ndiyo ilituokoa, kila mtu aliyekuwa nayo. Mimi siku hizi nikienda nabeba kidogo, ya kunitosha siku mbili, nyingine inabaki kwenye simu.

Tajiri yule wa masika nilimlipa nusu kwa simu na nusu mkononi, wazo lake mwenyewe. Nusu ya simu akaigawa kwa vijana papohapo, wawili kati ya watano wakasema wao wapewe yote kwa simu, kwa kuwa dukani wanadaiwa na dukani kunapokelewa. Mmoja akamrushia mama yake Misungwi kabla hajanawa mikono. Nilimwona, amechuchumaa mchangani, magamba kwenye kioo cha simu, anasoma jina la mama yake mara mbili kabla ya kubonyeza.

Mama ntilie wangu yeye ana shida mpya. Lipa namba aliiandika kwenye boksi la sabuni akaining'iniza mlangoni, mvua ya Jumatano ikailowesha, wino wote umetiririka. Ameniomba nimtafutie fundi wa vibao hapa Kirumba amwandikie kwenye bati, kwa rangi ya mitumbwi. Naenda na kibao hicho safari ya Alhamisi.